Alec Reeves: Mhandisi aliyeigeuza sauti kuwa tarakimu

Kitongoji cha Yeoville, kilichoko kwenye mwinuko kaskazini-mashariki mwa kitovu cha jiji la Johannesburg, kimekuwa makao ya wahamiaji tangu kilipoanzishwa mwaka 1890. Kuanzia miaka ya 1990, wengi waliohamia hapo wametoka sehemu nyingine za Afrika, wakiwemo Wakongo, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika sokoni na kando ya mtaa wa Rockey.

Kwa mtu aliye mbali na kwao, simu si anasa. Ndiyo njia ya kujua kama mzazi mgonjwa amepata nafuu, kama ada ya shule imefika, au kama barabara ya kwenda kijijini ina usalama.

Hata hivyo, sauti inayotoka Yeoville kwenda Bukavu, Kigoma au Mombasa haisafiri kama sauti. Ndani ya simu yenyewe hupimwa maelfu ya mara kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu. Tarakimu hizo ndizo zinazosafiri. Upande wa pili hugeuzwa tena kuwa sauti ya mama, kaka au jirani.

Aliyebuni njia hiyo ni mhandisi Mwingereza, Alec Harley Reeves, aliyefariki dunia mwaka 1971. Wazo lilimjia mwaka 1937, wakati ambapo vifaa vya kulitekeleza kwa gharama nafuu havikuwepo. Vilipopatikana, haki yake ya kisheria ya kunufaika na uvumbuzi huo ilikuwa imekwisha.

Mtoto wa mtunza ramani

Reeves alizaliwa tarehe 10 Machi 1902 katika mji wa Redhill, kusini mwa London. Baba yake, Edward Ayearst Reeves, alikuwa mtunza ramani na mwalimu wa upimaji katika Royal Geographical Society, jumuiya ile ile iliyowatuma Burton na Speke kutoka Zanzibar hadi Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1850.

Katika nyumba hiyo, kupima na kuandika vipimo ilikuwa kazi ya kila siku. Mzee huyo aliwafundisha wasafiri jinsi ya kuigeuza nchi yenye milima na mabonde kuwa namba kwenye daftari, ili mtu aliye mbali aweze kuichora upya. Mwanawe alikuja kuifanyia sauti jambo la namna hiyo.

Alisoma uhandisi mjini London, na mwaka 1923 akaajiriwa na kampuni ya simu ya International Western Electric. Alikuwa miongoni mwa wahandisi walioshughulikia mawasiliano ya simu kwa njia ya redio kuvuka bahari ya Atlantiki, huduma iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1927.

Wakati huo kampuni ilikuwa imenunuliwa na shirika la ITT la Marekani. Reeves alihamishiwa kwenye maabara ya shirika hilo mjini Paris, ambako alishughulikia mitambo ya masafa mafupi iliyounganisha simu za Uhispania na zile za Amerika Kusini.

Tatizo la kelele

Yeyote aliyewahi kusikiliza redio ya masafa mafupi usiku anaifahamu adha iliyomsumbua Reeves: mikwaruzo, miluzi, na sauti inayokuja na kupotea kama mtu anayezungumza nyuma ya upepo.

Chanzo chake ni rahisi kukieleza. Maikrofoni hugeuza sauti kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kwa kufuata mawimbi ya sauti. Mkondo wa namna hiyo huitwa analojia, kwa kuwa umeme huliiga umbo la sauti.

Mkondo huo unaposafiri mbali hudhoofika, na hivyo njiani huwekwa vituo vya kuukuza. Lakini kituo hakiwezi kutofautisha sauti na kelele iliyoingia njiani. Huvikuza vyote viwili. Kituo kinachofuata hukuza kelele ya zamani pamoja na mpya, na mwisho wa safari maneno humezwa.

Ni sawa na habari inayopitishwa kwa midomo ya wajumbe kumi. Kila mjumbe huongeza lake kidogo, na anayeipokea mwishoni hupata habari nyingine kabisa.

Reeves alitambua kwamba dawa haikuwa kumtafuta mjumbe hodari zaidi, bali kubadili kile anachokabidhiwa. Mjumbe akipewa hadithi ndefu ataiharibu. Akipewa idadi ya pishi za mahindi zilizomo ghalani, ataifikisha ilivyo, au atakosea kwa namna inayogundulika mara moja.

Kupima, kuhesabu, kuandika

Uvumbuzi wake una hatua tatu, na hatua hizo ndizo msingi wa saketi za kugeuza analojia kuwa dijitali hadi leo.

Hatua ya kwanza ni kuchukua sampuli. Badala ya kuufuatilia mkondo wote, saketi huutazama kwa vipindi vilivyo sawa na kupima nguvu yake kila mara. Katika hataza yake, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi, Reeves alieleza mtambo wa kupima mara 6,000 kwa sekunde.

Huenda msomaji akadhani kwamba sauti iliyo kati ya kipimo kimoja na kingine hupotea. Haipotei, mradi vipimo viwe vya karibu vya kutosha. Kanuni iliyothibitishwa baadaye na Mmarekani Claude Shannon ni kwamba inatosha kupima zaidi ya mara mbili ya kasi ya mtetemo wa juu kabisa uliomo katika sauti. Sauti ya simu haizidi mitetemo 3,400 hivi kwa sekunde, ndiyo maana mitandao ya simu ilikuja kuchagua vipimo 8,000 kwa sekunde.

Hatua ya pili ni kukadiria. Nguvu ya umeme inaweza kuwa ya kiwango chochote, lakini tarakimu zina mipaka. Reeves aliugawa urefu wote wa wimbi katika ngazi 32, na kila kipimo kikapewa namba ya ngazi iliyo karibu nacho. Kasoro ndogo hubaki, kama ilivyo kwa fundi cherehani anayepima kwa nusu inchi. Ngazi zikiongezwa, kasoro hupungua.

Hatua ya tatu ni kuandika namba hiyo kwa alama mbili tu, sifuri na moja. Alama tano za namna hiyo zinatosha kutaja ngazi zote 32, kwa kuwa mbili ikizidishwa kwa mbili mara tano huleta 32. Katika waya, moja ni pigo la umeme na sifuri ni ukimya.

Lakini saketi isiyo na macho wala akili ilihesabuje? Mbinu ya Reeves inaweza kueleweka kwa mfano wa mtungi. Kipimo kinapochukuliwa, saketi moja huanza kupandisha umeme kwa kasi isiyobadilika, kama maji yanayojaza mtungi. Wakati huo huo saketi nyingine huanza kutoa mapigo ya haraka, kama mpiga ngoma asiyekosea mwendo. Maji yanapofikia kimo cha kipimo, ngoma hunyamaza. Idadi ya mapigo yaliyopigwa ndiyo namba ya ngazi.

Faida ilikuwa kubwa. Kituo cha njiani hakihitaji tena kukuza chochote. Kazi yake ni kujibu swali moja: je, pigo lipo au halipo? Hata kama pigo limefika likiwa dhaifu na lenye kelele, maadamu linatambulika, kituo hutoa pigo jipya lililo safi. Kelele huachwa hapo hapo.

Ombi la hataza liliwasilishwa nchini Ufaransa mwaka 1938, na hataza ya Marekani ilitolewa mwezi Februari 1942. Mafundi waliuita mfumo huo kwa herufi PCM.

Vita na dhamiri

Majeshi ya Ujerumani yalipoingia Ufaransa mwaka 1940, Reeves alikimbia Paris na kurejea Uingereza. Alikuwa mtu aliyechukia vita kwa imani yake, na mwanzoni alipendelea kazi za kujihami.

Hata hivyo, jina lake katika historia ya vita limefungamana na mtambo wa kuongoza ndege za kudondosha mabomu. Mtambo huo, ulioitwa Oboe, aliubuni akishirikiana na Frank Jones. Vituo viwili vya redio vilivyokuwa Uingereza viliwasiliana na ndege moja. Kituo cha kwanza, kilichopewa jina la Paka, kilimwelekeza rubani afuate mstari unaopita juu ya shabaha. Cha pili, Panya, kilipima umbali na kutoa ishara ya kudondosha.

Oboe ilitumika kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1942 dhidi ya kituo cha umeme cha Lutterade nchini Uholanzi. Mwezi Machi 1943 iliongoza shambulio dhidi ya viwanda vya Krupp mjini Essen, mwanzo wa mashambulizi yaliyoua wakazi wengi wa bonde la Ruhr katika miezi iliyofuata.

Mtambo huo huo ulifanya kazi nyingine vita vilipokaribia kwisha. Mwezi Aprili na Mei 1945, Uholanzi ya magharibi ikiwa katika njaa kali, ndege zenye Oboe ziliweka alama mahali pa kudondoshea chakula kwa raia.

Mwaka 1945 Reeves alitunukiwa nishani ya OBE. Alama za maisha yake wakati wa vita zimebaki hizo mbili, za mabomu na za mikate, na hakuna inayoifuta nyingine.

Wazo lililosubiri

Wakati wa vita, wahandisi wa Bell nchini Marekani waliunda mtambo wa simu za siri uliozigeuza sauti kuwa namba. Ulianza kutumika mwaka 1943 kati ya Washington na London. Kila kituo chake kilikuwa na uzito wa tani 50 hivi, na kilijaza chumba kizima.

Uzito huo ulionyesha tatizo la uvumbuzi wa Reeves. Saketi za wakati ule zilitumia vali za kioo zilizokula umeme mwingi, zilizotoa joto kali na kuungua mara kwa mara. Vali kadhaa zilitosha kwa redio ya nyumbani, lakini kuhesabu mapigo ya sauti za watu wengi kwa pamoja kulihitaji vali zisizohesabika. Viongozi wa biashara ya simu waliiona kuwa hasara.

Ufumbuzi ulikuja na transista, iliyovumbuliwa mwishoni mwa mwaka 1947 katika maabara za Bell. Ilikuwa ndogo, haikuhitaji joto na iligharimu kidogo. Hata hivyo, miaka mingine ilipita kabla ya mtandao wa kwanza wa kibiashara wa simu za PCM kuanza kazi Marekani mwaka 1962.

Kufikia wakati huo muda wa hataza ya Reeves ulikuwa umekwisha. Kampuni za simu duniani zilijenga mitambo juu ya wazo lake bila kuwa na wajibu wa kumlipa chochote.

Heshima zilimfikia uzeeni. Taasisi ya Franklin ya Marekani ilimpa medali ya Stuart Ballantine mwaka 1965. Mwaka 1969 alipewa nishani ya CBE, na mwaka huo huo Uingereza ikatoa stempu ya kuadhimisha PCM.

Kutoka shaba hadi kioo

Baada ya vita Reeves aliendelea na kazi katika maabara ya Standard Telecommunication Laboratories, iliyohamia mji wa Harlow mwaka 1959. Huko alishikilia wazo jingine lililoonekana la ajabu, kwamba siku moja simu zitasafirishwa kwa mwanga.

Mawazo hayo mawili yalikuwa ndugu. Ni vigumu kuufanya mwanga uige kila mtikisiko wa sauti bila kuuharibu, lakini kuuwasha na kuuzima ni rahisi. Mwanga unaowaka na kuzimika ni moja na sifuri.

Katika maabara hiyo ndimo Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai, na mwenzake George Hockham walimochapisha utafiti wao wa mwaka 1966. Walionyesha kwamba kilichozuia mwanga kwenda mbali ndani ya nyuzi za kioo ni uchafu uliomo katika kioo, wala si kioo chenyewe. Lengo lao lilikuwa kwamba baada ya kilomita moja ibaki angalau asilimia moja ya mwanga ulioingia.

Lengo hilo lilifikiwa na kampuni ya Corning ya Marekani mwaka 1970, na hivyo Reeves aliliona kabla ya kufa.

Mnara wa Hillbrow na mkongo wa baharini

Mwaka ambao Reeves alifariki dunia, mnara wa simu wa Hillbrow ulikamilika mjini Johannesburg. Ulianza kujengwa mwaka 1968, una urefu wa mita 269, na unaonekana vyema kutoka Yeoville, ng'ambo ya mtaa wa Berea. Ulijengwa mrefu hivyo kwa sababu maghorofa ya jiji yalikuwa yameanza kuyazuia mawimbi ya redio yaliyobeba simu kutoka mnara hadi mnara.

Mwaka uliofuata, 1972, mataifa yalikubaliana kuhusu kipimo kimoja cha sauti ya simu ya dijitali. Ni vipimo 8,000 kwa sekunde, kila kimoja kikiandikwa kwa alama nane zenye kutaja ngazi 256. Hesabu yake ni alama 64,000 kwa kila sekunde ya mazungumzo.

Afrika Mashariki ilikuwa imeingia katika zama za setilaiti kwa kituo cha Longonot nchini Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1970. Lakini setilaiti za aina hiyo ziko kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, na sauti ilichukua takriban robo sekunde kwenda juu na kurudi. Wengi wanakumbuka simu za ng'ambo ambazo wazungumzaji wawili waligongana maneno, kisha wote wakanyamaza wakisubiriana.

Mwaka 1994 simu za mkononi za mfumo wa GSM zilianza kutumika Afrika Kusini. Katika mfumo huo sauti huwa dijitali tangu ndani ya simu yenyewe, kisha hubanwa ili tarakimu chache zaidi zisafirishwe hewani.

Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifunguliwa, ukiunganisha Mtunzini katika pwani ya Afrika Kusini na Maputo, Dar es Salaam na Mombasa. Mkongo wa EASSy ulifuata mwaka 2010. Simu kutoka mtaa wa Rockey kwenda Dar es Salaam ikaweza kupita chini ya Bahari ya Hindi, mawazo yote mawili ya Harlow na Paris yakiwa pamoja: sauti iliyogeuzwa tarakimu, na tarakimu zilizogeuzwa mwanga.

Kwa wengi katika ukanda huu, maneno analojia na dijitali yalikuja kuzoeleka baadaye, mitambo ya televisheni ilipobadilishwa, Tanzania kuanzia mwisho wa mwaka 2012 na Kenya mwaka 2015. Kumbe sauti zao zilikuwa zimekwisha kubadilishwa miaka mingi kabla, bila tangazo.

Mtu aliyebaki nyuma ya pazia

Reeves hakuwa mtu wa kujitangaza. Nje ya maabara alitumia muda wake katika vyama vya vijana na katika kazi ya kuwasaidia wafungwa kuanza maisha upya. Kama baba yake, alivutiwa pia na mambo ya roho na nguvu zisizoonekana, jambo lililowashangaza baadhi ya wanasayansi wenzake.

Alistaafu mwaka 1970, na badala ya kupumzika akaanzisha maabara yake mwenyewe. Alifariki tarehe 13 Oktoba 1971 mjini London, akiwa na umri wa miaka 69.

Mwaka 2009, miezi michache baada ya mkongo wa SEACOM kufika Mombasa, Charles Kao alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi aliyoifanya Harlow. Tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu, na Reeves alikuwa amekufa kwa miaka 38.

Hakuacha utajiri uliotokana na PCM, na jina lake halitajwi mara nyingi nje ya vyuo vya uhandisi. Alichoacha ni njia ya kuifanya sauti ya binadamu ipite nchi na bahari bila kuongezewa neno na upepo wa njiani, hivi kwamba mtoto aliye kilomita 3,000 kutoka kwao anaweza kutambua, kwa namna mama yake anavyovuta pumzi tu, kwamba nyumbani kuna jambo.